Msuko Katika Sweta: Pima Kabla ya Kuanza



Vikundi kadhaa vinavyofuma vimetuuliza juu ya ule msuko unaopanda kifuani mwa sweta kama nywele za msichana zilizosukwa. Wanasema sweta tambarare haiwezi kushindana na mtumba, na ni kweli. Mteja akipata mtumba kwa nusu ya bei yenu, atawasifu kwa kazi nzuri kisha aende zake. Lakini akiona msuko uliofumwa kwa mkono husimama, huushika, huuliza ni nani aliyeufuma. Hapo mazungumzo ya bei huanzia mahali pengine.

Basi leo tujifunze msuko. Lakini kabla hujaenda kutafuta sindano, nisikilize kwanza, maana mimi mwenyewe niliwahi kuufundisha nikakiletea kikundi hasara.

Walikuwa akina mama kumi na wawili, wafumaji wazuri wote. Niliwaonyesha msuko kwa siku mbili na wakaushika upesi kuliko nilivyoushika mimi. Siku ya tatu wakaanza sweta sita za watoto, wawili wawili kwa kila sweta, mmoja mbele na mwingine nyuma. Uzi ulinunuliwa kwa pesa za mzunguko. Mama ambaye ilikuwa zamu yake alikubali kungoja mpaka sweta ziuzwe. Hesabu ya mishono niliitoa mimi: 77 mbele, 77 nyuma, ile ile tuliyoizoea kwa sweta tambarare ya mtoto wa miaka minane hivi. Misuko minne mbele, minne nyuma. Ilikuwa inapendeza, hata wanaume waliokuwa wakipita njiani walisimama kutazama.

Sweta ya kwanza ilipounganishwa, mtoto akaitwa. Ikapita kichwani, ikakwama kwapani. Tukaivuta, ikakataa. Mama mmoja akauliza, "Kwani mwalimu, huyu mtoto amenenepa tangu jana?" Wote wakacheka, isipokuwa yule mwenye zamu ya mzunguko. Na mimi sikucheka.

Kosa lilikuwa langu, si lao. Msuko hukaza nguo. Mishono inapopandishwa juu ya mingine, ile ya chini haionekani tena, na nafasi yake katika upana inapotea. Nilijua jambo hilo kwa maneno, lakini sikuwa nimelipima kwa futi. Kwa hiyo somo hili lina mambo mawili, kuufuma msuko na kuupima, na la pili ndilo lenye pesa zenu ndani yake.

Vifaa

Unahitaji sindano mbili za kufumia namba 8, yaani milimita 4. Kumbuka kwamba katika hesabu hii ya namba, namba kubwa ni sindano nyembamba: namba 10 ni milimita 3 na robo tu. Uzi uwe wa unene wa kati, ambao karatasi yake inasema utumie sindano ya milimita 4. Chagua rangi moja, na iwe ya kung'aa kidogo: maziwa, kijivu, samawati, waridi. Msuko huonekana kwa kivuli chake. Ukiufuma kwa uzi mweusi au wa rangi mchanganyiko, umefanya kazi ambayo hakuna atakayeiona.

Unahitaji pia sindano ndogo ya tatu ya kushikilia mishono. Dukani zipo, lakini usinunue. Kata kipande cha spoku ya baiskeli urefu wa kidole, sugua ncha zote mbili kwenye jiwe mpaka zisikwaruze, kisha ukipinde kidogo katikati ili mishono isiteleze ikatoka. Ukiwa huna spoku, kijiti laini kilichosuguliwa kitafaa.

Katika somo hili mishono ni miwili tu, ile ile mnayoijua: pleni na perli. Upande wa uso ni ule utakaoonekana nguo ikivaliwa, na upande wa ndani ni wa mwilini.

Anza na nywele, si na sindano

Huu ni ushauri niliopewa na mwanafunzi wangu mwenyewe. Mwite mtoto mwenye nywele ndefu, au funga vipande vitatu vya kamba ya katani kwenye mti, halafu usuke polepole ukitazama mikono yako. Umesuka tangu utotoni lakini huenda hujawahi kutazama. Una mafungu matatu. Fungu la kulia linapita juu ya lile la katikati. Kisha fungu la kushoto linapita juu ya lile ambalo sasa ndilo la katikati. Kisha la kulia tena. Lililo katikati ndilo linalokwenda chini kila mara. (Mama mmoja alisema hii ndiyo ile kamba ya nyuzi tatu ya Mhubiri sura ya 4. Sawa kabisa.)

Sasa kwenye sindano ni hivyo hivyo. Msuko wetu una mishono 9, mafungu matatu ya mishono mitatu mitatu. Unapofuma upande wa uso unakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo fungu la kwanza kukutana nalo ni la kulia.

Kupitisha fungu la kulia: hamisha mishono 3 ya kwanza kwenye spoku bila kuifuma, uiache ining'inie MBELE ya kazi, upande wako. Fuma pleni mishono 3 inayofuata kutoka sindano ya kushoto. Kisha rudi kwenye spoku ufume pleni ile 3 iliyokuwa inangoja. Fungu la kulia limepita juu ya la katikati. Malizia pleni 3 za fungu la kushoto, ambalo halikuguswa.

Kupitisha fungu la kushoto: fuma pleni 3 za fungu la kulia, halijaguswa. Sasa hamisha mishono 3 ya katikati kwenye spoku uiache NYUMA ya kazi, mbali nawe. Fuma pleni 3 za fungu la kushoto. Kisha fuma pleni zile 3 za kwenye spoku. Fungu la kushoto limepita juu.

Ukiuliza kwa nini mara ya kwanza ni mbele na mara ya pili ni nyuma, jibu liko kwenye nywele. Mara ya kwanza uliloshika ni fungu la pembeni, nalo lazima liwe juu, kwa hiyo linangoja mbele. Mara ya pili uliloshika ni la katikati, nalo lazima liende chini, kwa hiyo linangoja nyuma. Mwenye kuelewa hapo hahitaji kukariri. Asiyeelewa ataweka mbele mara zote mbili, na atapata kitu kinacholala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Kina uzuri wake, lakini si msuko.

Kipande cha kujifunzia

Anzisha mishono 21: sita ya pembeni, tisa ya msuko, sita ya pembeni. Kwanza fuma safu 4 bila kupitisha chochote. Upande wa uso: perli 6, pleni 9, perli 6. Upande wa ndani: pleni 6, perli 9, pleni 6. Zile perli za pembeni ndizo zinazofanya msuko usimame juu ya nguo. Ukiweka pleni kila mahali msuko unazama, hauonekani.

Halafu anza safu 8 za msuko.

Safu ya 1 (uso): perli 6, pitisha fungu la kulia, pleni 3, perli 6.
Safu ya 2 (ndani): pleni 6, perli 9, pleni 6.
Safu ya 3: perli 6, pleni 9, perli 6.
Safu ya 4: kama ya 2.
Safu ya 5: perli 6, pleni 3, pitisha fungu la kushoto, perli 6.
Safu ya 6: kama ya 2.
Safu ya 7: kama ya 3.
Safu ya 8: kama ya 2.

Rudia safu hizi nane mara nne au tano. Mara ya kwanza utaona mkorogo tu. Mara ya pili bado. Usikate tamaa, mafungu matatu yanahitaji kupitana mara nne hivi kabla macho hayajaona msuko. Nimeona mama akifumua kazi iliyokuwa sahihi kabisa kwa sababu alitaka kuona msuko kwenye safu ya tano.

Matatizo yanayojitokeza

Safu ya kupitisha huwa ngumu kwenye vidole kwa sababu mishono imevutwa. Hiyo ni kawaida. Lakini ikiwa unalazimika kutumia nguvu mpaka sindano inapinda, basi unafuma kwa kukaza mno. Legeza mkono katika safu ya ndani inayotangulia, sio katika safu ya kupitisha yenyewe.

Kusahau ni zamu ya nani, kulia au kushoto, ni jambo la kila mtu, hasa ukiwa na chungu jikoni. Usiende kuhesabu safu tangu chini. Tazama mpitano wa mwisho. Kama fungu lililo juu linaelekea kushoto, lilitoka kulia, kwa hiyo sasa ni zamu ya kushoto. Kama linaelekea kulia, ni zamu ya kulia. Kujua kama safu nne zimetimia, tundika pini ya nguo kwenye mpitano kila unapomaliza mmoja, kisha uhesabu safu zilizo juu ya pini.

Na ukigundua umekosea mpitano mmoja safu nane chini? Hapa mafundi wa kweli hawafumui nguo yote. Fuma mpaka ufike juu ya msuko wenye kosa, angusha mishono 6 tu ya mafungu mawili yaliyokosewa, uishushe taratibu mpaka kwenye kosa, upange mafungu upya kwenye spoku, kisha uipandishe tena ngazi kwa ngazi ukitumia ile mistari ya uzi uliolegea. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kujifunzia, ukiwa umetulia na watoto wako shuleni. Kwa anayeanza ni salama zaidi kufumua safu nzima.

Wafumaji wa visiwa vya Aran

Watu wengi duniani wanaujua msuko wa aina hii kutokana na sweta za visiwa vya Aran, visiwa vitatu vya mawe na upepo vilivyo magharibi mwa Ireland. Husemwa kwamba kila ukoo kule ulikuwa na mshono wake ili mvuvi aliyezama atambuliwe kwa sweta yake. Ni hadithi nzuri ya kuuzia sweta, lakini haina ushahidi. Inaonekana ilikuzwa na mchezo wa kuigiza wa J. M. Synge wa mwaka 1904, ambamo dada anaitambua soksi ya kaka yake aliyekufa maji kwa hesabu ya mishono. Soksi, wala si sweta.

Ukweli wenyewe una faida zaidi kwetu. Sweta zile za misuko zilianza kufumwa mwanzoni mwa karne ya 20, si zamani za kale, na wanawake wa visiwani walizifuma pia kwa kuuza. Mwaka 1930 Bi. Muriel Gahan alifungua duka jijini Dublin, The Country Shop, na kazi za mikono za watu wa mashambani zikapata soko mjini, zikiwemo sweta za Aran. Yaani hata wao ilibidi kuwe na mtu wa kuwatafutia mnunuzi.

Sasa kupima

Turudi kwenye zile sweta zangu sita. Uzi ule kwa sindano namba 8 ulitoa mishono 22 kwa kila sentimita 10 za nguo tambarare. Mtoto alikuwa na kifua cha sentimita 64. Tulitaka sweta ya sentimita 70 ili apumue, yaani 35 mbele na 35 nyuma, na mishono 77 ndiyo inayotoa 35. Hadi hapo hesabu ni safi.

Lakini mishono 9 tambarare huchukua sentimita 4 na kidogo. Ikisukwa, nilipokuja kuipima baadaye kwa aibu, ilichukua sentimita 2.8 tu. Kila msuko ulikuwa umekula zaidi ya sentimita moja. Misuko minne mbele na minne nyuma ilikula sentimita 10. Sweta ya 70 ikawa ya 60 kwa mtoto wa 64, tena msuko haunyumbuki kama ribu. Ndiyo maana ilikwama.

Kwa hiyo, kabla hamjanunua uzi wa sweta nzima, nunueni fundo moja. Kila mfumaji atakayeshika kazi afume kipande chake cha mishono 21, maana mikono haifanani: mmoja hukaza, mwingine hulegeza, na wakifuma mbele na nyuma za sweta moja, mbele haitalingana na nyuma. Kioshe kipande, kilaze bapa kikauke kivulini, halafu pima upana wa msuko peke yake, bila zile perli za pembeni. Usikivute kwa vidole ili upate jibu unalolipenda. Afume pia kipande tambarare cha mishono 30 na kupima ni mishono mingapi imo ndani ya sentimita 10.

Kwa uzi wetu, msuko wa mishono 9 ulichukua nafasi ya mishono 6 ya kawaida. Maana yake kila msuko unadai mishono 3 ya nyongeza. Kwa misuko minne mbele, badala ya 77 unahitaji 89. Usianze na 89 chini kabisa, la sivyo ribu itapanuka kama sketi. Anza ribu na 77, na katika safu ya kwanza baada ya ribu ongeza mishono 3 mahali pa kila msuko. Ukifika mabegani, unapofunga, unganisha mishono miwili miwili mara tatu katika kila msuko ili bega lisijikunje. Kipande chenu kikiwapa jibu tofauti na langu, fuateni kipande chenu.

Kipande hicho hicho kitawaambia bei. Msuko hula uzi zaidi kuliko nguo tambarare ya upana ule ule, na hula muda zaidi. Mweka hazina aandike katika daftari: uzi uliotumika, saa alizofuma kila mmoja, nauli ya kwenda sokoni. Kikundi kikiuza sweta ya msuko kwa bei ya sweta tambarare kwa sababu tu mteja amelia, kitakuwa kimempa zawadi ya wiki nzima. Na msipeleke misuko kwenye sweta za shule. Shule zina mtindo wao, na mwalimu mkuu atazirudisha. Wateja wenu ni mama mwenye mtoto mchanga, bibi anayetaka sweta ya kwenda nayo kanisani asubuhi ya baridi, na vijana wanaopenda kofia.

Mwambieni mteja pia jinsi ya kuitunza. Uzi mwingi unaouzwa madukani ni wa akriliki, si manyoya ya kondoo. Pasi ya moto ikigusa msuko wa akriliki, unalala na hauamki tena. Aifue kwa maji ya vuguvugu na kuilaza bapa, asiitundike kwenye kamba ikiwa imejaa maji.

Kazi ya kwanza: skafu

Msianze na sweta. Skafu haina kwapa. Anzisha mishono 35. Uso: pleni 4, perli 3, msuko 9, perli 3, msuko 9, perli 3, pleni 4. Ndani: pleni 7, perli 9, pleni 3, perli 9, pleni 7. Fuata zile safu nane, misuko yote miwili ikipita pamoja. Zile pleni 4 za ukingoni ni pleni pande zote, ili ukingo usijikunje. Fuma mpaka ifike sentimita 120 au zaidi. Upana utakuwa kama 13. Upande wa ndani hauna msuko, na mteja aonyeshwe hilo mapema asije akasema amedanganywa.

Zile sweta sita? Tano tulizifumua, tukauosha uzi na kuukausha ukiwa umefungwa jiwe ili ujinyooshe, zikafumwa upya kwa mishono 89 na kuuzwa. Uzi ulipungua kidogo kwa kukatika, nikanunua fundo lililopungua kwa pesa zangu. Mama wa zamu alilipwa mzunguko wake akiwa amechelewa wiki saba. Ile ya sita haikufumuliwa. Inatundikwa ukutani kila kikundi kinapokutana, na mgeni akiuliza ni ya nani, wanasema ni ya mwalimu.